Swali la Mpishi Kabla ya Moto

Mpishi anaolewa! Jameni, nilipopata simu hiyo nilikuwa nachambua mchele kwenye hoteli yangu ndogo hapa Voi, na ungo ukaniponyoka, mchele wote ukaenda chini ya meza za wateja. Simu aliipiga mwenyewe. Hakusalimu. Alisema, "Ni mimi. Naolewa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na wewe ndiye utapika. Usiniletee mchele wa kuvunjika." Kisha akakata. Hivyo ndivyo anavyopiga simu siku zote: akimaliza yake, amemaliza.

Nilipiga kigelegele peke yangu. Mteja mmoja akaweka kijiko chini akaniuliza kama kuna mtu amejifungua. "Mpishi anaolewa!" nikamwambia, naye akapiga meza kwa furaha, maana huku kwetu ni nani asiyemjua? Mwanamke wa miaka sitini na kitu, mjane, aliyepikia harusi za watu kuanzia Voi hadi Taveta mpaka mikono yake ikanuka binzari hata siku ya Jumapili, leo anapikiwa yeye! Nikaanza kuokota mchele nikiimba. Nilikuwa sijafika meza ya pili wazo moja liliponijia, nikaacha kuimba. Nani atamuuliza swali lake?

Swali lenyewe ni fupi. "Mmeenda pamoja?" Ni hilo tu. Mchumba na mchumba wakifika kwake kupanga chakula cha harusi, kabla hajasikia habari ya mbuzi wangapi na chapati za nini, Mpishi anawatazama mmoja baada ya mwingine na kuuliza: mmeenda pamoja? Yaani kliniki, kupimwa, wawili kwa siku moja, mkikaa benchi moja. Wakisema bado, hawafukuzi. Anawapa chai, anawaambia siku ni nyingi, waende. Halafu asubuhi ya harusi, kuni zikiwa zimepangwa, sufuria ikiwa juu ya mawe, kiberiti mkononi, anauliza mara ya pili. Bibi harusi aje jikoni na rola zake kichwani, bwana harusi aje na kaptula, ama wapige simu waweke spika, lakini jibu atalisikia kwa masikio yake. Ndipo anawasha.

Na hakuna aliyewahi kumjibu hapana asubuhi ile, kwa sababu ni nani anataka wageni wake wakae njaa mbele ya wakwe?

Watu wasiomjua walidhani anatafuta udaku. Wapi! Majibu hakuyataka. Ukianza kumweleza anaziba masikio kwa mwiko na mfuniko. "Nataka kujua miguu ilienda wapi," alikuwa akisema, "damu ilisema nini ni yenu." Kuna bwana harusi mmoja alikuja na majibu aliyoyapata huko Mombasa, alikopimwa peke yake, akamwekea mezani kama mtu aliyelipa deni. Mpishi hakuyagusa. Akamwambia, "Baba, hii ni safari ya mtu mmoja. Sufuria yangu ni ya wawili." Bwana harusi akakasirika, akasema hata pasta amekubali. "Basi pasta akupikie," Mpishi akasema. Wiki iliyofuata walirudi wawili, msichana akiwa mbele na yule kijana nyuma akitazama viatu vyake, na pilau waliyokula mpaka leo inazungumzwa Mwatate.

Mimi na mume wangu tulipita mikononi mwake pia. Mume wangu ni mwalimu, Mtaita wa Wundanyi, mtu wa haya nyingi. Tulipotoka kwa Mpishi siku ile aliniambia njiani kwamba mwanamke yule ana kichaa, na kwamba sisi ni wazima, tunajijua, hatuumwi popote. Ni kweli, hakuna aliyekuwa akiumwa popote. Tukaenda kwa sababu ya njaa tu, tulitaka pilau yake. Sista wa kliniki akatuchukua damu na mkojo, akatuuliza maswali bila kukunja uso, na majibu yalipotoka kulikuwa na kitu. Nani alikuwa nacho? Hilo sisemi, Mpishi amenifundisha. Lakini sista alituambia ni ugonjwa unaokaa kimya, unatibika kabisa, na ukiachwa ungeweza kuniziba njia ya uzazi nikaja kulia miaka ya baadaye bila kujua sababu. Tulipewa dawa wote wawili, siku moja, na tukaambiwa tusikutane kimwili mpaka tumalize na muda aliotupa upite, halafu turudi tupimwe tena.

Tulinyamaza na siri yetu. Tuliporudi kwa Mpishi kumwambia tumeenda, alituambia jambo ambalo nilidhani ameliona usoni mwetu, kumbe humwambia kila mtu. "Mkipewa dawa, mnameza wawili. Akimeza mmoja ni sawa na kuosha sahani moja na kuirudisha kwenye maji machafu. Na mnamaliza, hata kama mnajisikia vizuri. Mimi siepui wali kwa sababu unanukia." Mume wangu akainama akajifanya anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa sandali.

Leo tuna watoto wawili, na kila nikiwaangalia wakigombania rimoti namshukuru yule mama kwa moyo wote. Baada ya harusi nilimfuata nikamwomba anifundishe kazi. Akaniambia, "Anza na kuosha mchele," na nikaosha mchele miaka miwili kabla hajaniruhusu kushika mwiko.

Sasa mtu mwenyewe yukoje? Mfupi, mpana, anatembea kama anachelewa hata akienda kulala. Sauti yake inatoka mtaani kwake Kaloleni inafika stesheni. Hapendi kukumbatiwa, ukimkumbatia anasimama wima kama kuni, lakini ukiwa na huzuni anakuletea sahani bila kukuuliza na anakaa karibu mpaka umalize. Kanisani ni mkali, anaimba sauti ya pili na akimsikia mtu amekosea anamgeukia katikati ya wimbo. Na mama huyohuyo wa kwaya hutembea na kondomu! Wee, siku ya kwanza kuziona nilitaka kuzimia. Nilikuwa natafuta dania kwenye mfuko wake wa baridi, ule wa kubebea mboga, nikashika pakiti.

"Mama, hizi ni za nani?"

"Za anayezihitaji. Kwani unazihitaji?"

"Lakini na dania, Mama?"

"Ungetaka niziweke wapi, kando ya jiko? Joto linaziharibu. Wanaume hawa wanazikalia kwenye wallet mwaka mzima halafu wanashangaa ikipasuka."

Wallet, alisema hivyohivyo. Madereva wa malori wanaosimama Voi walimjua kwa hilo. Wakija kununua chakula alipokuwa na kibanda kando ya barabara, alikuwa akiwafungia chapati na pakiti mbili ndani ya mfuko mmoja, na kuwasomea tarehe kwa sauti mbele ya watu wote. "Unga una tarehe, maziwa yana tarehe, na hii ina tarehe. Na usipake mafuta ya kupikia, yanakula mpira, mimi ndiye najua kazi ya mafuta!" Dereva mzima, kifua kama mlango, anachukua mfuko huku ameinamisha macho kama mtoto wa nasari. Wengine walihama wakawa wanakula upande ule mwingine. Baada ya muda walirudi, chapati za upande ule hazikuwa na lolote.

Kwenye harusi pombe haikutangulia chakula. Milimani hasa, ambako mbangara, ile pombe ya miwa, inatoka mapema, Mpishi alikuwa akisimama mlangoni na mwiko. "Tumbo tupu na pombe vikikutana, akili inatoka kutembea. Kuleni kwanza." Na jioni ikianza kuingia aliwahesabu wasichana waliokuja kusaidia kuosha vyombo, akawapanga kwa jozi, nenda na huyu, fika na huyu. Wakilalamika kwamba wao si watoto, anawaambia hata yeye si mtoto na anarudi nyumbani na mtu. Wasichana wadogo wa shule nao, sista wa chanjo akija, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, Mpishi anakaanga mahamri anakaa nayo nje ya darasa. Ukitoka na pamba mkononi unapewa la moto. Mama mmoja akamuuliza kwa nini anahimiza watoto jambo la watu wazima. "Koti la mvua unalinunua jua likiwaka," akamjibu, na kumpa yule mama hamri pia.

Usidhani alijua kila kitu. Alikuwa na makosa yake, na akikosea alikosea kwa sauti ileile. Miaka yote aliwashauri maharusi wajioshe ndani kwa maji ya chumvi na ndimu, usafi, usafi, kama mwanamke ni sufuria iliyoungua. Sista mmoja akamsikia, akamvuta kando ya ukuta wa kliniki, akamweleza kwamba mwili unajisafisha wenyewe ndani, na kwamba kwa kujikwangua hivyo mtu anaondoa ulinzi wake na kuyafungulia maradhi njia. Mpishi aliokota kikapu chake akaenda zake. Nilidhani ameudhika. Kumbe Jumapili hiyo baada ya ibada, matangazo ya kina mama, akasimama: "Ile ndimu niliyowaambia! Niliwadanganya! Ndimu ni ya samaki! Nje mnaosha kwa maji, ndani mnaacha!" Pasta alikuwa bado hajatoka. Alianza kupanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Na kuna harusi ya kuni zilizoloa. Hiyo nikiikumbuka nacheka mpaka mbavu zinauma. Ilikuwa Wundanyi, msimu wa ukungu, maharusi walijibu swali vizuri kabisa, wote wawili, wakarudi kuvaa. Mpishi akawasha. Moto ukakataa. Kuni zililoa ukungu wa mlima usiku kucha na hakuna aliyezifunika. Akawasha tena, moshi mtupu. Sasa kumbuka kila mtu anajua mila ya Mpishi: asipowasha, kuna jambo. Wageni wakaanza kuja, wakatazama jikoni, hawakuona moto. Minong'ono ikapanda mlima ikashuka. "Hajawasha." "Bado hajawasha?" "Mungu wangu, basi ni kweli!" Shangazi wa bwana harusi akaanza kulia. Mjomba wa bibi harusi akadai mahari isirudishwe. Mimi nimepiga magoti napuliza, macho yamevimba, na Mpishi anapiga kelele katikati ya ule moshi, "Ni kuni! Ni kuni jamani! Watoto wameenda! Kuni ndizo hazijaenda!" Nani amsikie? Ilibidi bwana harusi atoke na kuinua kipaza sauti cha kwaya kusema kwamba yeye na mchumba wake walienda kliniki, kwamba tatizo ni kuni, na kama kuna mtu ana mkaa alete. Tangu siku hiyo Mpishi husafiri na kuni zake kavu kutoka Voi, hata kama anaenda kupika msituni.

Tangu siku hiyo pia alianza kuwaambia wageni kwamba mwenye ugonjwa naye anaoa, naye anaolewa, na yeye anampikia kwa mikono miwili. Ilimkera sana vile watu walivyolia. "Mliona moshi mkamzika mtu! Kwani hamjui dawa za virusi zipo, na akizinywa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hata mwenzake hamwambukizi? Mimi nauliza miguu ilienda wapi, nimewaambia!" Aliongea hayo huku anakata vitunguu kwa nguvu mpaka nikamwondolea kisu.

Sasa nifikie jambo ambalo nilikuwa nalijua na sikuwahi kumwambia mtu.

Mume wake Mpishi alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anaenda Malaba na kuvuka mpaka. Alifariki miaka michache kabla mimi sijaolewa. Aliugua muda mrefu, akakonda, na ugonjwa wake haukupewa jina, si hospitalini alikokataa kwenda wala matangani. Mpishi alianza kuuliza swali lake baada ya mazishi hayo. Hayo yote watu waliyajua. Wasilolijua ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa. Nililigundua siku moja walipopiga hema la kupima bure karibu na stendi. Mpishi aliswaga wanawake wa soko zima mpaka hemani, wauza mboga, wauza mitumba, hata bibi mmoja aliyekuja kununua tumbaku. Foleni ilipoisha sista akatabasamu, "Na wewe, Mama?" Mpishi akapangusa mikono kwenye aproni. "Mimi nina sufuria jikoni," akasema, akaondoka mbio. Nilikuwa nikifanya naye kazi siku hiyo. Hatukuwa na sufuria yoyote jikoni.

Mwaka uliofuata hema likaja tena, na sufuria nayo. Nilimuuliza mara moja, kwa upole, tukimenya viazi. Alisema, "Kama kingekuwapo kingeshaniua." Yeye! Aliyemfundisha mume wangu kwamba kutoumwa si kuwa mzima! Nilifungua mdomo, nikaona kiazi chake amekimenya mpaka kimebaki kama kidole, nikachukua kingine nikamenya.

Na sasa anaolewa na mzee wa ndizi. Mzee huyu ni Mtaveta wa Mahoo, mjane naye, mpole, mrefu, anavaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Kwa miaka mingi alimletea Mpishi ndizi za harusi kwa pikipiki yake. Walikuwa wakigombana kila mkungu. "Hizi ni vidole vya mtoto!" "Mama, pima kabla hujasema." Halafu tukaona mkungu mmoja umezidi, kwenye hesabu haumo. Safari nyingine miwili. Mpishi akawa anapaka mafuta mikononi siku za ndizi. Tukaona, tukakaa kimya, tukafurahi mpaka basi.

Nilimpigia siku ileile ya mchele. "Mama, hongera! Sasa, mmeenda pamoja?"

"Umenunua mchele?"

"Ule uliokuwepo umemwagika. Mama, mmeenda?"

"Hayo ni ya watoto wenye damu moto. Sisi tunatafuta mtu wa kunywa naye chai." Akakata.

Nikapiga tena kesho yake, akaniambia habari ya iliki. Nikamuuliza pasta, mpole wa watu, akakohoa, akasema vijana huwa anawaagiza, lakini wale ni wazee, ningewaambiaje? Nikawauliza watoto wake wakubwa, wakaniangalia kana kwamba nimewavua nguo hadharani. Mzazi haulizwi mambo ya chumbani. Ndipo nikaelewa tumemtengenezea mlango wa kutorokea sisi wenyewe, kwa heshima zetu. Vijana wote wa wilaya nzima wamepitia benchi lile, na wazee tumewapitisha kando kama wageni wa heshima.

Jumamosi ikafika. Niliwahi Mahoo, harusi ilikokuwa, asubuhi na mapema, mashamba ya ndizi yakiwa bado na umande, nikashusha sufuria zake zilezile na kuni kavu kutoka Voi. Nikapanga mawe. Nikapanga kuni. Nikamwaga maji sufuriani. Kisha nikavuta kigoda nikakaa, kiberiti mkononi.

Jua likapanda. Kina mama waliokuja kumenya vitunguu wakamaliza, wakaanza kuangalia mawe yale baridi, wakaangaliana. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, nusu yao waliolewa kwa moto wake. Haki ya Mungu, nilitamani kukimbia nirudi Voi.

Mpishi akatoka ndani. Gauni la rangi ya maziwa, kilemba cha dhahabu, jamani alipendeza! Akaona jiko. Akaja kwa ule mwendo wake.

"Hujawasha."

"Sijawasha, Mama."

"Kuni zimeloa?"

"Ni kavu. Ni zako." Nikasimama, sauti ikinitoka nyembamba kama ya mtoto. "Mmeenda pamoja?"

Alinyanyua mkono, nikadhani ananizaba kofi. Alitaka kiberiti. Nikakificha nyuma yangu. "Wewe msichana," alisema, "nilikufundisha kuosha mchele."

"Na hili ulinifundisha."

Basi yule mama ambaye sauti yake inafika stesheni akaongea polepole mpaka nikalazimika kuinama. "Yule marehemu alikufa na kitu. Nikiambiwa na mimi ninacho, huyu mzee ataondoka na pikipiki yake, na hatageuka nyuma. Nimekaa peke yangu miaka yote hii nikipikia watu furaha. Niachie hii yangu. Nakuomba."

Nililia. Sikuona aibu. Nilimwambia, "Mama, uliwapikia wenye nacho na wasio nacho. Na kama ninyi wawili mna chochote, dawa ipo, umetuambia wewe. Lakini ukimwingiza mzee wa watu ndani bila yeye kujua, utaishi na ile sufuria yako ya uongo jikoni kila siku." Hata sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Nyuma yetu kikasikika kikohozi. Mzee wa ndizi alikuwa amesimama na suti yake, kofia mkononi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Amesikia lini, sijui. "Marehemu mke wangu pia, hatukujua alikufa na nini," akasema. "Nimekuwa nikingoja uniulize lile swali lako. Kila siku najisemea leo ataniuliza. Nikaona huniulizi, nikafikiri labda mimi hunihesabu kama bwana harusi kamili."

Mpishi akamtazama, mdomo wazi. "Mzee wewe! Ulikuwa unangoja?"

"Tangu ile mikungu miwili."

Wee! Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mzee akaleta pikipiki, akapangusa kiti kwa leso, Mpishi akakunja gauni magotini akapanda, kilemba na yote, akaniamuru nimshikilie pasta asiondoke, na wakatimka kuelekea Bomeni, pale mjini Taveta, ambako kuna kliniki inayofunguliwa Jumamosi. Ilikuwa siku ya soko Taveta. Waliotuletea nyanya baadaye walituambia wanawake wa soko waliwaona wawili hao wakipita, suti na gauni juu ya pikipiki ya ndizi, wakauliza maharusi wanaenda wapi, na Mpishi akapaza sauti bila kusimama, "Kupimwa!" Soko zima likapiga vigelegele.

Tulingoja. Pasta alikunywa chai, akanywa tena. Mimi sikukaa, nilizunguka jiko lile mpaka nikachimba njia. Jua lilipokuwa utosini tukasikia pikipiki ikija taratibu kati ya migomba, polepole kuliko ilivyoondoka. Mpishi akashuka kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, alikuwa amelia, na kilemba kilikuwa kimelegea. Mzee akashuka akakitengeneza kilemba kile kwa vidole vyake virefu, bila haraka, mbele ya watu wote, na Mpishi asiyependa kuguswa akasimama akatulia. Nikataka kusoma nyuso zao. Kisha nikajizuia, nikaangalia chini, kwenye kuni. Hadi leo sijui damu ilisema nini, na sitauliza.

Nikatoa kiberiti.

"Mama, mmeenda pamoja?"

Akamshika mzee mkono.

"Tumeenda pamoja," akasema kwa ile sauti yake yote, mpaka ndege wakaruka migombani, "na tumerudi pamoja. Sasa washa moto, watu wana njaa!"